Lugha ya kuanzishia kampuni ukiwa huna urithi: PHP, Python, JavaScript na nyinginezo

Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Busia usiku mmoja, akinong'ona kwa sababu wenzake walikuwa wamelala. "Mjomba, nimepata wazo la biashara, ila sijui nianze na lugha gani."

Wazo lenyewe nalipenda. Mama yake ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha wanawake wanaouza mukene, wale dagaa wa ziwani. Kila wiki hukaa chini ya mwembe na kufungua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Pesa huhesabiwa mbele ya macho ya wote, kisha katibu huandika daftarini. Daftari likilowa, au katibu akikosea kujumlisha, ugomvi huanza pale pale na kuendelea hadi siku ya kugawana mwisho wa mwaka. Binti anataka kutengeneza mfumo wa kutunza hesabu hizo, auuze kwa vikundi vingi kwa ada ndogo ya mwezi.

Nikamwuliza ana nini mkononi. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Simu ya Android. Diploma aliyomaliza mwaka jana. Chumba anachochangia na wenzake wawili, na akiba ya kumlisha miezi mitano.

Miezi hiyo mitano ndiyo iliyonifanya niandike ulinganisho huu. Watu wanapolinganisha lugha za programu huuliza ipi ina kasi, ipi ina mshahara mnono, ipi inapendwa na kampuni kubwa. Kwa aliyezaliwa kwenye nafasi, maswali hayo yanatosha. Kwa mpwa wangu kuna swali linalotangulia yote: ipi itamfikisha kwa mteja anayelipa kabla mwezi wa tano haujaisha?

Urithi umejificha wapi

Uganda tunaujua urithi. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwatengea machifu na wenye mali wapatao elfu moja maili za mraba 8,000 za ardhi, na hadi leo kuna wajukuu wa waliokuwa wakiilima wanaoishi kwenye vibanja juu ya ardhi ya wajukuu wa machifu. Shule ya Gayaza ilifunguliwa 1905 kwa ajili ya mabinti wa machifu, Budo ikafuata 1906 kwa watoto wao wa kiume. Mimi nilianza darasa la kwanza Januari 1997, mwaka ule elimu ya msingi ya bure ilipoanza. Tulikuwa zaidi ya mia moja kwa mwalimu mmoja, na aliyekosa dawati aliandika kwa kuegemeza daftari mgongoni mwa mwenzake.

Ndiyo maana nilipofika kwenye kompyuta nilishangilia jambo moja: Python anayoipakua mtoto wa waziri ni ileile ninayoipakua mimi, bure, siku hiyohiyo. Hakuna Python ya tabaka. Ilinichukua miaka kuona kwamba urithi ulikuwa umehamia kando. Umo kwenye bando, ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12. Umo kwenye tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zinazokatika ukiwa katikati ya kazi. Umo kwenye Kiingereza, kwa sababu maelezo karibu yote yameandikwa kwa lugha ambayo wengine waliinyonya na maziwa. Na zaidi ya yote umo kwenye mtu wa kumpigia simu unapokwama saa nane usiku.

Mfano mmoja wa mbali. Viaweb ilikuwa huduma ya kujengea maduka ya mtandaoni, iliyoanzishwa Marekani 1995 na Paul Graham na Robert Morris, ikanunuliwa na Yahoo 1998. Sehemu kubwa iliandikwa kwa Lisp, lugha ambayo washindani wao hawakuigusa, na tangu hapo vijana wengi wameshauriwa wachague lugha yenye nguvu kuliko zote bila kujali wengine wanatumia nini. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Ila Graham alikuwa na shahada ya uzamivu ya Harvard, na baba yake Morris alifanya kazi kwenye maabara ya Bell Labs, kwenye Unix ya mwanzo kabisa, mfumo maarufu wa kuendeshea kompyuta. Mtu aliyekulia mezani na baba kama huyo akikwama kwenye Lisp, ana pa kuuliza. Binti wa muuza mukene akikwama kwenye Lisp Busia, amekwama.

Basi mizani yangu ni hii: gharama ya bando na mashine, ubora wa makosa lugha inapokukosoa, watu wa kuuliza na kuajiri walio karibu, na umbali wa kufika kwa shilingi ya kwanza. Kasi naiweka mwisho. Kikundi cha wanawake 30 hakitailemea lugha yoyote.

PHP na Python

Kwa mwenye hali ya mpwa wangu hizi mbili ndizo zenye ushindani wa kweli, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko kwingine.

PHP ilitolewa 1995 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ambaye mwanzoni alitaka tu vifaa vya kuendeshea ukurasa wake binafsi. Asili hiyo ya kutatua tatizo la leo bado unaihisi. Unakodi nafasi kwenye seva ya pamoja, yaani kompyuta ya mtandaoni inayobeba tovuti za watu wengi, aina ambayo kila muuza huduma hizi Kampala anayo, unapakia mafaili yako, na ukurasa uko hewani jioni hiyohiyo. Hakuna cha kuwasha wala kulinda usiku. Kila ombi la mtumiaji huanza upya, kwa hiyo ukurasa mmoja ukianguka mingine inaendelea. Facebook ilianza 2004 kwa PHP, na Wikipedia inaendeshwa kwa PHP mpaka sasa, kwa hiyo anayekuambia ni lugha ya vijana wa vibandani usimjali. Tena hao vijana wa vibandani ni faida yake kubwa. Arua, Mbale, Kasese, kote utampata mtu aliyewahi kurekebisha tovuti ya hoteli au ya shule kwa PHP.

Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, inashinda unapokuwa peke yako. Soma mstari wake kwa sauti na utasikia unachofanya. Na ukikosea, inakukosoa kama mwalimu mvumilivu: tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 inakuonyesha mabano uliyoyaacha wazi, na ukikosea herufi za jina inakuuliza kama hukukusudia jina fulani. Kwa mwenye rafiki mhandisi hilo ni dogo. Kwa asiye na wa kumpigia simu, ujumbe wa kosa ndiye mwalimu pekee aliye chumbani. PHP imejirekebisha sana, lakini nakumbuka siku yangu ya kwanza nayo nilipokutana na kosa lililosema "Paamayim Nekudotayim". Ni Kiebrania cha nukta pacha mbili, kilichoachwa humo na watengenezaji wawili Waisraeli. Nilipoteza siku nzima. Baadaye nilipojua maana yake, nilitamani na sisi siku moja tutie Kiswahili chetu mahali kama hapo.

Kuna mtego unaowakamata maskini zaidi, nao uko pande zote mbili. Kijana asiye na bando hujifunza kwa vitabu vya kurudufishwa na video alizopewa kwenye flashi. Vitu hivyo ni vya kale. Kwa PHP atafundishwa kuongea na hifadhidata kwa mysql_query, ambayo iliondolewa kabisa kwenye PHP 7 mwaka 2015, tena kwa mtindo unaomruhusu mgeni yeyote kuingiza amri zake kwenye hesabu za watu. Kwa Python atafundishwa Python 2, iliyoachwa rasmi Januari 2020. Tofauti ni kwamba Python 2 itagoma mara moja kwenye mashine mpya na utajua kitabu ni cha zamani, wakati mtindo mbovu wa PHP unaweza kufanya kazi vizuri tu mpaka siku utakapoibiwa. Ukichagua PHP, anza na Laravel, kiunzi kilichokwisha kuandaliwa cha kujengea tovuti kwa PHP, kilichopo tangu 2011, na usiandike msimbo mtupu kwa pesa za watu.

Upande wa Python kuna Django, kiunzi cha aina hiyohiyo. Unaieleza mara moja mwanachama ni nani, akiba ni nini na mkopo una nini, nayo inakupa bure ukurasa wa msimamizi wenye kuingia kwa nywila, kuongeza, kutafuta na kurekebisha. Katibu wa kikundi anaweza kuanza kuujaribu wiki ya kwanza, kabla hujatengeneza hata ukurasa mmoja wa kupendeza. Kwenye Laravel ukurasa wa namna hiyo hauji na kifurushi, unauongeza mwenyewe.

Halafu kuna siku ya kugawana. Kikundi kina shilingi 1,000,000 na wanachama 30. Kila mmoja anapata 33,333, na zinabaki shilingi 10. Kumi hizo ni za nani? Chini ya mwembe hilo ni swali zito, na mfumo unaozimeza kimyakimya utafukuzwa siku hiyohiyo. Python ina amri moja ya divmod inayokupa mgao na baki kwa pamoja. PHP ina njia yake pia, intdiv na alama ya asilimia. Lugha zote mbili zinakuruhusu kutunza shilingi kama namba kamili, na nakusihi ufanye hivyo, senti hatuna.

Python inashindwa wapi? Kwenye kuiweka hewani. Mara nyingi Django inahitaji seva unayoisimamia mwenyewe au huduma inayolipiwa kwa kadi kwa dola, na kwa kawaida hiyo ni ghali na ngumu kuliko nafasi ya pamoja ya PHP. Kwa mpwa wangu hizo ni siku kadhaa za kujifunza Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi. Nilimwambia azihesabu ndani ya miezi mitano.

JavaScript

Hii huwezi kuikwepa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyozoeleka ndani ya kivinjari. Brendan Eich aliitengeneza toleo la kwanza kwa siku kumi mwaka 1995, na tangu Node.js ya 2009 unaweza kuiendesha kwenye seva pia. Hoja ya lugha moja pande zote mbili inavutia mtu asiye na muda wa kujifunza mbili.

Bado sikumshauri aifanye uti wa mgongo. Kwanza, mradi wa kawaida unakokota folda ya maktaba za watu wengine inayofika kwa urahisi mamia ya megabaiti, na ukiharibika unaipakua upya. Kwa bando la kununua kwa siku hilo ni jeraha. Pili, namba zake za kawaida ni za desimali za kukadiria: iambie ijumlishe 0.1 na 0.2 itakupa 0.30000000000000004. Anayejua hukwepa. Anayejifunza peke yake huigundua siku hesabu ya riba inapogoma. Tatu, kosa lisilodakwa kwenye Node huangusha seva nzima, na wewe umelala.

Ila chini ya mwembe mara nyingi hakuna mtandao, na hapo JavaScript ndiyo itakayomsaidia. Ukurasa unaweza kuhifadhiwa kwenye simu ya katibu, ukapokea maandishi bila mtandao, kisha ukayatuma jioni akifika mjini. Ajifunze hicho tu, baada ya mengine.

Za simu

Flutter, zana ya Google ya kutengenezea programu za simu, ni nzuri na inatoa programu ya kupendeza. Kotlin ndiyo lugha ambayo Google wanaitanguliza kwa Android tangu 2019. Zote zinataka Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, na vifaa vyake, gigabaiti kadhaa, na simu ya kuigiza ndani ya mashine ya GB 4 ni mateso, inabidi uchomeke simu halisi kwa waya. Zaidi ya hapo, wanawake wengi wa kikundi wana vitochi, simu ndogo za vitufe. Programu ya simu janja itamhudumia katibu na kuwaacha wenye pesa nje.

Wenye vitochi watafikiwa kwa USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na namba bila intaneti, na hapa lugha karibu haina maana. Kampuni kama Africa's Talking, iliyozaliwa Nairobi, inapokea namba aliyobonyeza mteja na kukutumia kwenye seva yako. Mama akichagua 1 kisha akaandika elfu ishirini, wewe unapokea maandishi 1*20000. Unayakata kwenye nyota, unaandika kwenye hifadhidata, unamjibu kwa sentensi inayoanza na CON ukitaka aendelee au END ukitaka kumaliza. Mistari ishirini hivi, kwa PHP au Python sawasawa. Kigumu ni kupata namba yenyewe, ambayo inataka maombi, muda na pesa, kwa hiyo USSD isiwe kitu cha mwezi wa kwanza.

Java, Go na zile za mbali

Java nina deni nayo. Nilipomaliza chuo, mfanyabiashara mmoja wa jumla mjini kwetu aliniomba mfumo wa kuhesabu mali ghalani. Nilichagua Java kwa sababu tulifundishwa kwamba ndiyo inayotumiwa na benki, na mimi nilitaka nionekane mtu wa benki. Nikapanga matabaka ya msimbo kama ghorofa la mjini, miezi saba, huku mama akinilipia chumba kutoka kwenye mtaji wake wa mukene. Nilipompelekea mzee yule mfumo, alikuwa ameshanunua faili la Excel kwa kijana mwingine, na lilikuwa linamtosha. Java haikukosea chochote. Mimi nilitumia lugha ya mwenye miaka miwili ya subira nikiwa na ya miezi. Mama aliuza jumla kwa mkopo mwaka mzima kuurudisha ule mtaji.

Go ningeisifu kwa jambo moja: unaikusanya ikawa faili moja, unalipeleka kwenye seva, linakimbia. Siku vikundi vikifika elfu na majibu ya malipo ya simu yanaingia kwa maelfu, sehemu hiyo aiandike kwa Go. Sio sasa.

Vijana huniletea Erlang na mfano wa WhatsApp, na mfano huo ninauheshimu kwa sababu Jan Koum hakurithi kitu. Alihamia California kutoka Ukraine na mama yake akiwa na miaka 16, wakala kwa msaada wa serikali, akajifunza mitandao kwa vitabu vya mtumba. WhatsApp, aliyoianzisha 2009, ikajengwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, na Facebook ilipoinunua 2014 kwa dola bilioni 19, wahandisi wasiofika hamsini walikuwa wakihudumia watu zaidi ya milioni 400. Tazama lakini mpangilio wa mambo. Kabla ya Erlang kulikuwa na miaka kama tisa ya mshahara wa Yahoo. Kijana yule maskini alijenga kwanza mto wa kuegemea, ndipo akachagua lugha ya wachache.

Na utakaowaajiri

Jambo hili sikulijali nilipokuwa na umri wa mpwa wangu, na sasa naliona zito kuliko bando. Lugha unayoichagua ndiyo mlango wa watakaoingia kwako baadaye. Ukichagua lugha inayojulikana na watu kumi Kampala, utaajiri hao kumi, na kwa kiasi kikubwa watakuwa watoto wa shule zilezile na mitaa ileile. Ukichagua PHP au Python unaweza kumpokea binti kutoka wilaya ya Yumbe aliyejifunza kwa Termux, programu ya Android ya kuandikia amri, kwenye simu, bila kompyuta, na akaanza kuleta kazi wiki ya pili. Ndani ya msimbo wenyewe nilimshauri ataje mambo ya kikundi kwa Kiswahili: mwanachama, akiba, mkopo, riba. Katiba yetu ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na sokoni Busia hakikuwahi kungoja katiba. Katibu akitazama juu ya bega lake, aone maneno anayoyajua.

Basi nilimjibu hivi. Kwa kazi hii, na miezi mitano, ni Python na Django, JavaScript kidogo kwa ajili ya kukosa mtandao, na USSD baada ya kikundi cha tatu kulipa. Kama angekuwa anahitaji pesa mwezi huuhuu, ningesema PHP, atengeneze tovuti za shule na kliniki kwanza, mradi wake ungoje. Kama angekuwa na jirani anayeandika Java vizuri na aliye tayari kumfungulia mlango usiku, ningesema Java bila aibu, pamoja na yote niliyoandika hapo juu. Mtu wa karibu ni mzito kuliko sifa za lugha.

Jumapili iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa msimamizi. Wanachama watatu wa kujaribia, mmoja ana jina la mama yake. Pembeni, mahali pa orodha ya mikopo, Django ilikuwa imeandika "Mkopos", maana yenyewe hudhani kila neno duniani huwa wingi kwa kuongezewa s. Aliniuliza afanyeje. Nikaanza kumwandikia kwamba kuna mstari mmoja, verbose_name_plural, auweke kwenye sehemu ya msimbo iitwayo Meta. Sijafika nusu ya sentensi, picha nyingine ikaingia: "Mikopo". Chini yake ameandika, "Nimeshaupata, mjomba, lala."